Bakuli la Bi Somoe

Iko nchi moja, msihangaike kuitafuta kwenye ramani, maana ramani yake ilitangaziwa zabuni na mpaka leo mshindi wa zabuni hajaonekana. Katika nchi hiyo hakuna mtu mbaya hata mmoja. Wapo waheshimiwa, wapo wananchi, na wapo mbuzi.

Mbuzi ndio wenye kazi nyingi. Mkandarasi akitaka kujenga choo cha soko, mbuzi hutembea. Tajiri akitaka uwanja wa shule ugeuke ua wa nyumba yake, mbuzi hutembea. Hutembea alfajiri, hatuoni nani anawaswaga, na mwisho wa safari yao ni uani kwa diwani. Ukiwauliza waheshimiwa watakuambia kwamba mbuzi wa nchi ile wana mapenzi makubwa na uongozi.

Katika nchi hiyo upo mji wa Tulizana, na ndani ya Tulizana ipo kata ya Maweni, na Maweni ipo zahanati ambayo ilizinduliwa mara nyingi kuliko ilivyojengwa. Ulizinduliwa msingi. Zikazinduliwa kuta. Likazinduliwa paa kabla paa halijafika, na siku utepe ulipokatwa mvua ilikuwa inanyesha mle ndani, ikawalowesha waheshimiwa suti, nao wakasema ni baraka. Mkandarasi aliyekula mabati alikuwa amekaa meza kuu. Wenye kusahau wamesahau. Maweni hawakusahau.

Masika yaliyofuata, mjukuu wa Bi Somoe alishikwa na uchungu, akapelekwa kwenye zahanati hiyo yenye kuta na mbingu. Bi Somoe akashika miguu ya mjukuu. Jirani yake, Bi Mkejina, akashika mwavuli. Mtoto akatoka salama, akalia, akanyeshewa, akaitwa Mwavuli.

Walipokuwa wanarudi nyumbani, khanga zimewagandia mwilini, Bi Somoe akasimama katikati ya matope.

"Shoga, hivi diwani wa Maweni si wewe?"

"Ndiye mimi, mwenzangu."

"Basi nenda ukaseme. Mimi sijui kusema mbele za watu, lakini nitakupikia."

Ni kweli Bi Mkejina alikuwa diwani. Chama kilimteua kwa makosa. Kilimwona mjane, mpole, muuza mkaa, kikadhani hajui kusema. Kumbe alikuwa anangoja apate la kusema.

*

Inafaa kueleza kuhusu bakuli.

Nyumba ya Bi Mkejina na ya Bi Somoe ziliegemeana kama wagonjwa wawili, na nyuma uani zilitenganishwa na ukuta mfupi ambao mtu akinyoosha mkono anafika upande wa pili. Juu ya ukuta huo mabakuli yalikuwa yakivuka tangu wote wawili walipoletwa Maweni wakiwa maharusi. Leo mbaazi, kesho samaki wa kukaanga, keshokutwa magimbi. Na Maweni bakuli la jirani halirudi tupu. Ukilipokea limejaa, unakula, unalisuuza, unatia chako, unalirudisha. Hata kama huna, unatia chumvi kidogo au limau moja. Kurudisha bakuli tupu ni kumwambia mwenzio kwamba mmemalizana. Yupo mwanamke wa mtaa wa chini aliyerudishiwa bakuli tupu na wifi yake. Alihama na watoto, na kibanda chake sasa ni cha kuku.

Asubuhi ya kikao cha baraza, bakuli la bluu la Bi Somoe lilivuka ukuta limejaa mbaazi za nazi.

"Kula ushibe, shoga. Usiende kuwasema wale watu na tumbo linanguruma, watadhani unaomba."

Bi Mkejina akala, akalisuuza bakuli, akaliweka mezani. Alikusudia akirudi atie vitumbua. Akatoka.

*

Sasa tuje kwenye adabu ya kuonja. Katika nchi ile mtu hakupi kinywaji bila kukionja mbele yako. Anamimina, anapiga funda, anakutazama, ndipo anakupa. Ni adabu ya zamani, ya enzi watu walipokuwa wakitiliana sumu vikombeni. Siku hizi wanatiliana vikaoni, lakini adabu imebaki.

Baraza la madiwani la Tulizana liliipenda sana, likaiandika kwenye kanuni zake za kudumu: mleta hoja aionje kwanza. Mheshimiwa Kasoga alipoleta hoja ya posho ya vikao, aliionja peke yake muda mrefu mno, na kila akiulizwa alisema bado hajaipata chumvi. Mwenyekiti wa baraza, Mheshimiwa Fungameza, alipoleta hoja ya gari la mwenyekiti, alilionja gari mpaka likachakaa, akaomba lingine ili alinganishe ladha. Ilipoletwa hoja ya kubomoa vibanda vya mama lishe, mletaji alisema kwa masikitiko kwamba yeye hana kibanda, kwa hiyo ionjwe na mama lishe wenyewe. Ikaonjwa. Na sufuria zikakanyagwa na tingatinga, na waliozikanyaga wapo, wana vitambi, tunawaamkia kila siku.

Hoja ya Bi Mkejina ilikuwa fupi. Alisimama akasema, "Naomba diwani asipokee kitu kutoka kwa mtu mwenye kazi au maombi mbele ya baraza hili." Akakaa.

Ukumbi ukawa kimya kama mtu amejamba mbele ya mkwe.

Mwenyekiti Fungameza akakohoa, akasimama, akaweka mkono kifuani. "Waheshimiwa! Maadili ni uti wa mgongo wa nguzo ya msingi wa mustakabali wa maendeleo endelevu. Naifungua mijadala. Atakayechangia achangie kwa uzalendo."

Mheshimiwa Kasoga alikuwa wa kwanza. "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba ufafanuzi. Mbuzi akija mwenyewe?"

"Mwenyewe kivipi?"

"Kwa miguu yake. Mimi nimekaa kwangu, sijamwita. Anaingia, anasimama, ananitazama. Nimfukuze? Huo si ukatili kwa wanyama?"

"Kweli! Kweli!" madiwani wakapiga meza.

"Huyo mbuzi ana kamba shingoni, Mheshimiwa Kasoga?" akauliza Bi Mkejina.

"Kamba ni vazi lake, mama. Mimi siingilii mavazi."

Ikaundwa Kamati Ndogo ya Mbuzi. Ikaenda ziara ya mafunzo kwenye mji wenye hoteli, ikarudi imenawiri mashavu, ikatoa taarifa kwa mdomo: kwamba suala la mbuzi ni pana, na linahitaji ziara ya pili. Ikaenda. Iliporudi, jua la siku ileile halijazama, na Mwenyekiti Fungameza alikuwa tayari amepata akili.

"Waheshimiwa, nimetafakari. Hoja ya mheshimiwa mama yetu ni nzuri, lakini ina ubaguzi. Kwa nini inawasema wakandarasi tu? Wakandarasi si watu? Mimi napendekeza tuikoleze. Diwani asipokee chochote kutoka kwa yeyote, wala asimpe yeyote chochote, kikubwa au kidogo, chenye kushikika na kisichoshikika."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Haijapata kuonekana madiwani kushangilia uadilifu namna ile. Mheshimiwa Kasoga alifuta machozi.

"Hiyo si hoja yangu," akasema Bi Mkejina. "Mimi sikusema jirani asimpe mwenzake chumvi."

"Ni yako, mama. Sisi tumetia viungo tu. Na kwa kuwa umeipika wewe, adabu unaijua." Mwenyekiti akatabasamu kwa upole ambao Bi Mkejina aliuona mara ya mwisho kwa mtu wa benki. "Utaionja mpaka mkutano wa kufunga mwaka. Ukimaliza salama, baraza zima litakula. Ukiteleza hata mara moja, tutajua ina sumu. Tutaimwaga, na haitapikwa tena katika mji huu."

Bi Mkejina akawatazama mmoja mmoja. Kisha akafikiria mvua ikimwangukia mtoto ambaye hata macho alikuwa hajafumbua.

"Leteni," akasema. "Nitaionja."

*

Ofisi ya Maadili ya Tulizana ilikuwa na mlango na kibao, na tangu ifunguliwe haikuwahi kupata kazi, kwa kuwa, kama tulivyosema, katika nchi ile hakuna mtu mbaya. Afisa wake, Bwana Mlekwa, aliposikia amepata mtu wa kumchunga alifurahi mpaka akanunua kigoda. Akakiweka kwenye kizingiti cha Bi Mkejina, akakaa, akatoa kalamu.

Bi Mkejina akatoka na bakuli la bluu, ndani vitumbua vya moto.

"Mheshimiwa, hilo linakwenda wapi?"

"Kwa mwenyewe. Hapo ukutani tu."

"Na hivyo vilivyomo?"

"Vitumbua, baba. Huvijui?"

"Navijua na navipenda. Lakini hiyo ni takrima kwa mpiga kura."

Bi Mkejina akavitazama vitumbua, akamtazama Bwana Mlekwa, akarudi ndani. Kulirudisha tupu haiwezekani. Kulirudisha limejaa ni kumwaga kanuni. Akaliweka bakuli mezani, katikati.

Mwanzoni walicheka. Jioni Bi Somoe aliita kutoka upande wa pili, "Shoga! Bakuli langu halijambo?"

"Halijambo! Linakusalimu!"

"Liambie lisiniletee salamu, litafungwa!"

Wakacheka mpaka wakakohoa. Bwana Mlekwa akachungulia uani, uso umekunjamana kwa kazi. "Samahani, mama zangu. Hapa nani amemchekesha mwenzake?"

"Kwani vipi?"

"Furaha haishikiki. Lazima nijue ni ya nani, na imekwenda kwa nani."

Wakaonywa. Tangu siku hiyo kila mmoja alicheka peke yake, na kicheko cha peke yako hakina maisha marefu.

Bombani mwanamke mmoja alimtwika Bi Mkejina ndoo. Bwana Mlekwa akaishusha. "Msaada usioshikika."

"Ndoo hii haishikiki?" Bi Mkejina akauliza, maji yamemwagikia miguu.

"Ndoo inashikika, mheshimiwa. Kutwika ndiko kusikoshikika."

Yule mwanamke akaitwa ofisini kujieleza. Siku nyingine Bi Mkejina akajikwaa njiani, muuza karanga akasema "Pole, Bi Mkejina," naye akaitwa, akaulizwa pole ile alikuwa na nia gani nayo. Habari zikaenea. Bi Mkejina akijikwaa, watu wakawa wanatazama mbinguni. Harusi ya mtaa wa tatu alikwenda na kigoda chake na maji yake kwenye chupa, akakaa juani, maana turubai lilikuwa la mwenye harusi na kivuli chake ni mali. Alipokaribia kibaraza cha kahawa, mazungumzo yalizimika kama umeme wa nchi ile, ghafla na bila maelezo. Mwisho watu wakawa wanamwamkia Bwana Mlekwa badala yake. Mlekwa aliitikia kwa niaba.

Wakati huohuo madiwani wengine waliendelea kupokea na kutoa kwa moyo mkunjufu, maana wao kanuni bado hazijawafika mezani. Mbuzi walitembea usiku na mchana. Msichana wa Mheshimiwa Kasoga alipata nyumba yenye roshani. Na watu wa Maweni, ambao kwa ajili yao mwanamke yule alikuwa anakaa juani, walianza kusema, "Huyu Bi Mkejina siku hizi amekuwa na maringo, hata karanga hapokei."

Jioni alikula akilitazama bakuli. Kuna wakati alilisogezea kiti.

*

Kisha Bi Somoe akaugua.

Ilikuwa homa ya kifua, ile ya upepo wa baridi. Maweni nzima ikaenda kumwona, na Maweni kwa mgonjwa hakuna aendaye mikono mitupu. Ukienda mitupu, umekwenda kumpima sanda. Wakaenda na uji, wakaenda na machungwa, wakaenda na dawa za kuchua. Mwenyekiti Fungameza naye alifika na msafara wa magari, akampa mgonjwa sukari na khanga yenye sura ya Mwenyekiti Fungameza, akapiga naye picha, akaondoka kabla hajajua mgonjwa anaitwa nani.

Bi Mkejina alipika uji wa pilipili manga. Alipika kila siku, na kila siku uji ulipoa sufuriani. Siku moja hakuweza. Alichukua bakuli la bluu, akamimina uji, akafunika na kawa, akafika mlangoni.

Bwana Mlekwa hakumzuia. Alisimama, akakisogeza kigoda chake pembeni kwa heshima, akafungua kofia ya kalamu. "Karibu, mheshimiwa. Pita. Pita tu, njia nyeupe."

Ni ile furaha iliyomrudisha. Akaona kalamu, nyuma ya kalamu akamwona Fungameza, nyuma ya Fungameza akaiona zahanati na mawingu yake. Akarudi ndani, akaurudisha uji sufuriani. Akakaa chini, mgongo kwenye kiambaza ambacho upande wake wa pili ndipo kilipo kitanda cha Bi Somoe. Alisikia kikohozi. Alikijua, alikuwa amekisikia miaka mingi kwa kupitia udongo uleule. Akaweka kiganja ukutani. Ukuta haukutajwa popote kwenye kanuni.

"Shoga?" ikasema sauti ya upande wa pili, nyembamba.

Bwana Mlekwa alikuwa amemfuata hadi chumbani. Akainua kidole chake, halafu kalamu. Kuitika si kutoa neno? Na neno kwa mgonjwa si faraja? Na faraja inashikika?

"Shoga, upo?"

Bi Mkejina akauma upindo wa khanga. Hakuitika.

Bi Somoe hakuita tena. Akapona, kwa kuwa alikuwa mtu wa kupona. Alianza kutoka uani, kuanika, kuchambua mchele. Aliimba kidogo. Lakini ukutani hakuja, na habari ya bakuli lake hakuiuliza tena.

*

Mkutano wa kufunga mwaka ulijaa hata madirishani. Maweni ilikuja yote. Bwana Mlekwa akapanda jukwaani, akasema kwa sauti ya mtu aliyefiwa kwamba mheshimiwa diwani hakuteleza.

Madiwani wakatazamana. Mheshimiwa Kasoga akanywa maji ya jirani yake.

"Haiwezekani," akasema Mwenyekiti. "Binadamu hawezi. Mlekwa, kumbuka vizuri. Hata pipi?"

"Hata pipi, Mheshimiwa. Ila ana bakuli."

Bakuli likaletwa, likawekwa mbele ya baraza kama kichwa cha adui. La bluu, limebanduka rangi ukingoni. Mwenyekiti akalizunguka akiwa na uso wa ushindi.

"Hili la nani?"

"La Bi Somoe," akasema Bi Mkejina.

"Na limekaa kwako muda wote huu. Hukulirudisha. Mtu akipokea kitu asikirudishe, waheshimiwa, tunaitaje?"

"Zawadi!" madiwani wakaitikia wote, na kwa mara ya kwanza ikajulikana kwamba maana yake walikuwa wanaijua siku zote.

"Basi imeonekana. Sumu! Imwagwe..."

"Mimi nimekuja kuchukua bakuli langu."

Bi Somoe alikuwa amesimama kwenye mabenchi ya wananchi, yeye asiyejua kusema mbele za watu, bado amekonda kwa homa. Akapita katikati ya watu, akafika mezani. Bi Mkejina hakuthubutu kumtazama usoni, akaitazama mikono yake. Bi Somoe akalichukua bakuli, akaligeuza juu chini mbele ya ukumbi mzima ili kila mtu aone kwamba halina kitu. Haikudondoka hata chembe.

Watu wa Maweni wakaguna, mguno mmoja mzito. Mwanamke kulifuata bakuli lake tupu kwa miguu yake, mchana, mbele za watu! Wapo walioficha nyuso. Bi Somoe akalifuta vumbi kwa upindo wa khanga, akalikumbatia.

"Limerudi," akasema. "Sasa si zawadi. Kanuni ni nzima. Zileni."

"Zileni!" ikapiga kelele sauti dirishani. "Zileni! Zileni!" ukumbi ukaanza kugonga mabenchi.

Hapo ndipo Mheshimiwa Kasoga alipoonesha kwa nini amedumu kwenye siasa. "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti! Taarifa! Sisi sote ni wa hapa, tunajua mambo ya mabakuli. Hakuna mwanamke anayepokea bakuli tupu mbele za watu kama hajamsamehe mwenzake. Huyu mama amemsamehe diwani. Na msamaha ni kitu. Haushikiki, lakini ni kitu, tena kikubwa! Diwani amepokea msamaha kutoka kwa mpiga kura!"

Mabenchi yakanyamaza. Mwenyekiti Fungameza akamkumbatia Kasoga kwa macho.

"Mama," akamgeukia Bi Somoe kwa upole, "utaletewa Msahafu. Utaapa. Je, umemsamehe jirani yako? Sema ndiyo tu, uende kupumzika. Ni neno jema. Kila mtu hupenda kusikia neno jema."

Bi Somoe akaweka kiganja juu ya Msahafu, mkono wa pili umelishika bakuli. Bi Mkejina akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu homa ile wakatazamana.

"Nilipougua nilimwita," akasema Bi Somoe. "Nilimwita mara ya pili. Alikuwepo, nilimsikia anapumua ukutani. Hakuitika. Nilikuwa nadhani nakufa, na hakuitika." Akawageukia waheshimiwa. "Wallahi sijamsamehe."

Akalikumbatia bakuli lake, akatoka kwa mlango wa mbele, na watu wakampisha.

*

Kanuni zikapita. Zisingepitaje, adabu ni adabu. Ila Mwenyekiti, kabla ya kugonga nyundo, aliongeza kifungu kidogo: kwamba uonjaji umesimama juu ya kiapo cha Bi Somoe, na siku wanawake hao wawili watakapoonekana wamepatana, kiapo kitakuwa cha uongo, kuonja kutakuwa kumeharibika, na kanuni zitamwagwa siku hiyohiyo.

Ikawa mambo ya ajabu Tulizana. Mbuzi waliacha kutembea. Walinenepa, na baadhi yao wakafa kwa uzee, jambo lisilowahi kushuhudiwa na daktari wa mifugo. Mheshimiwa Kasoga alionekana bombani akijitwika ndoo mwenyewe, ikammwagikia, na watu wakatazama mbinguni. Mkandarasi wa zahanati, alipoona hakuna ua wa kupeleka mbuzi, alikaa akawaza akafanya jambo la kukata tamaa: akaezeka paa.

Na waheshimiwa wakawa wapatanishi. Watu hawa hawakuwahi kupatanisha hata kuku, wengine walipata viti vyao kwa kugombanisha koo na koo, tunawakumbuka, majina tunayo. Sasa kila wiki walikuja Maweni na masheikh, na wachungaji, na kwaya. Ikatangazwa Wiki ya Msamaha, ikatundikwa mabango. Mwenyekiti Fungameza alipiga magoti kwenye vumbi kati ya milango miwili.

"Mama zangu, pataneni! Mji unalia! Jirani na jirani, hivi kweli bakuli moja tu?"

"Nimeapa," akajibu Bi Somoe kutoka ndani kwake.

"Mimi sina la kusema na yule," akajibu Bi Mkejina kutoka kwake.

Bwana Mlekwa alihamishia kigoda chake uchochoroni, mahali anapoona nyua zote mbili, akingoja salamu, tabasamu, kikohozi chenye maana. Bado anangoja. Analipwa kwa kazi hiyo.

Masika yakaja tena. Mjukuu wa Bi Somoe akajifungua mtoto wa pili, kwenye zahanati, mvua ikipiga mabati. Bi Mkejina alisimama barabarani ng'ambo, chini ya mwavuli, akasikiliza mlio ule wa mabati, hadi aliposikia mtoto akilia. Bi Somoe alitoka kibarazani kumwaga maji. Akaona mwavuli. Akamwaga maji, akarudi ndani.

Lipo swali moja ambalo Bi Mkejina angependa kumwuliza. Siku ile mkono ulipokuwa kwenye Msahafu, alikuwa anaziokoa kanuni, au alikuwa anasema kweli? Lakini kuuliza ni kusemezana, na kusemezana ni kupatana. Hivyo hajui. Anapika cha mtu mmoja, anakula, anasuuza sahani yake.

Kila jioni, Bi Somoe akimaliza kuosha vyombo, hulianika bakuli la bluu juu ya ule ukuta mfupi wa uani. Halifudikizi kama vyombo vingine. Hulilaza ubavu, mdomo umeelekea upande wa Bi Mkejina. Huenda ni kwa ajili ya jua, maana jua la jioni hutokea huko. Bi Mkejina hukaa kwenye kizingiti cha jiko akilitazama, na Bwana Mlekwa humtazama yeye. Lipo karibu, akinyoosha mkono analifikia.

Likikauka, mkono hutokea upande wa pili, hulichukua.